Sindano ya Mbuzi

Kama kuna mtu aliyezaliwa anajua kila kitu, basi ni kaka wa fundi cherehani mmoja. Friji ya jirani ikikataa kupoza, yeye ndiye wa kwanza kuipiga teke. Mtoto wa watu akikohoa, keshataja dawa kabla kikohozi hakijatulia. Alikuwa mfugaji wa mbuzi, na kwa kuwa mbuzi wake walikuwa hawafi ovyo, aliamini hakuna kiumbe cha miguu minne kinachoweza kumsumbua akili. Ndiye aliyeamua, dada yake akiwa bado binti mdogo, kwamba shule haimfai, ushonaji ndio unamfaa. Dada akawa fundi cherehani, fundi mzuri kweli, na hilo nalo kaka alilihesabu kuwa ushindi wake.

Nyumbani kwao palikuwa na kobe, wa mama yao. Mama alimwita Mpangaji, kwa sababu, alisema, anakula, analala, na habari ya kodi hataki kuisikia. Mama alipofariki kaka alichukua mbuzi, dada akabaki na nyumba na Mpangaji. Kila asubuhi kobe alikuja kujigonga kwenye kanyagio la cherehani mpaka apewe kipande cha tango, na fundi alimsemesha huku pini zimejaa mdomoni. Hakuwa na mume wala mtoto. Katika wote waliomjua mama ndani ya nyumba ile, waliobaki ni wao wawili.

Kisha Mpangaji akaanza kususa chakula. Siku moja fundi akifagia aliona vinyuzi vyeupe kwenye kinyesi chake, akadhani ni mabaki ya uzi wa kazi, mpaka vinyuzi vilipojikunja vyenyewe. Alimpigia simu daktari wa mifugo, mama mmoja asiye na maneno mengi, akaambiwa amlete kesho yake apimwe uzito na kinyesi kichunguzwe, maana dawa ya minyoo ya kobe hunyweshwa kwa kipimo. Jioni kaka alipopita kusalimia, fundi akamsimulia.

Kesho yake asubuhi alikwenda kwanza kumpelekea mteja gauni. Aliporudi kumchukua Mpangaji, alimkuta kaka uani ananawa mikono. Kaka alimwambia asihangaike na daktari, kazi imekwisha: amemchoma kobe ile sindano ya minyoo anayowachoma mbuzi, tena amempunguzia kwa kuwa ni mdogo. Fundi akamuuliza kama ameuliza mtu yeyote. Kaka akacheka. Kwani minyoo ya mbuzi na ya kobe imesoma shule tofauti?

Fundi alimwinua Mpangaji, akamwona mzima, akajidanganya kwamba labda kaka anajua, safari ya daktari akaiacha. Mazoea ni kitu kibaya. Kufika siku ya pili shingo ya kobe ilikuwa imelala sakafuni na miguu imelegea nje ya gamba. Fundi aliugusa mguu mmoja, haukurudi ndani. Mnyama ambaye kazi yake kubwa duniani ni kujificha alikuwa ameshindwa kujificha. Alimfunga kwenye taulo akatoka mbio, mlango hata hakuufunga.

Daktari aliposikia ni sindano ya minyoo ya mbuzi alifumba macho kidogo.

"Kwa mbuzi hii ni dawa," alisema. "Kwa kobe ni sumu. Inampooza, ikifika kwenye pumzi ndiyo basi tena. Na hakuna dawa ya kuiondoa mwilini. Tutampa joto na maji, tungoje."

Ndipo hasira ikampanda fundi, hasira isiyo na adabu, iliyokuwa imekaliwa miaka na miaka. Alimkasirikia kaka kwa sindano, kwa shule, kwa kila jambo aliloamuliwa bila kuulizwa. Alijikasirikia na yeye mwenyewe, maana alijua tangu mwanzo mtu huyu hajui, na bado alimwachia.

Kila siku alimwogesha Mpangaji kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, akikishikilia kichwa kisizame, kisha akampeleka kwa daktari kunyweshwa maji kwa mrija. Wateja walilalamika nguo zinachelewa, akawaambia mafundi wamejaa mtaani. Kaka alikuja siku moja tu, akamtazama kobe, akasema minyoo ndiyo iliyomla nguvu, na kwamba dada ndiye aliyechelewa kumtibu. Fundi akabadilisha maji.

Wiki zilipita. Asubuhi moja mguu wa nyuma ulivutika. Baadaye shingo. Halafu siku moja Mpangaji akauma tango, polepole kama mtu anayeonja chumvi, na fundi akalia kwa sauti mpaka majirani wakachungulia. Daktari akamnywesha sasa dawa yake halali.

Kaka alipata habari, akafika na tabasamu la mshindi.

"Si umeona? Dawa imemkubali," alisema. Akatoa mfukoni bomba la sindano lililokwisha kujazwa. "Ila minyoo huacha mayai. Lazima arudie dozi."

Fundi aliinuka, akasimama mbele ya kobe.

"Kaka," alisema, "ukimgusa, hesabu huna dada."

Kaka alicheka, akangoja dada naye acheke, kama ilivyokuwa miaka yote. Dada hakucheka. Alimtazama mkononi, kwenye sindano, mpaka kaka akairudisha mfukoni na kuondoka bila kuaga.

Tangu siku hiyo anapita mtaani akitangaza kwamba mdogo wake amemkana ndugu wa damu kwa ajili ya kobe. Watu humwendea fundi na maneno hayo, wakitaraji ayakanushe. Yeye huendelea kushona. Maisha yake yote hajapata kumsikia kaka akisema jambo la kweli namna hiyo.