Siku Niliyolala Chini ya Mvule

Wazo la kwenda kuuona ule mti lilikuwa la mdogo wangu wa kiume. Yeye anaishi Arusha na mkewe na watoto wawili, na safari hiyo walikuja Dar kwa wiki moja, wakafikia kwangu Boko, ninakoishi na baba. Siku ya tatu, tunakunywa chai, akasema, "Dada, Jumamosi twende wote msituni. Kuna mvule kule nyuma ya Pugu, watu wanatoka mbali kuja kuuona. Baba amechonga mvule maisha yake yote. Atafurahi."

Nilikuwa nawaza pampasi, shuka, kanzu za kubadilisha, dawa ya saa saba. Akili ya baba ilianza kupotea kidogo kidogo baada ya mama kufariki, na sasa hawezi hata kwenda chooni peke yake. Mie ni mwalimu wa shule ya msingi. Asubuhi jirani yangu hukaa naye, na nikirudi tunabaki sie wawili mpaka kesho yake. Usingizi wangu ni wa vipande. Kuna siku niliandika ubaoni tarehe ya juzi, watoto wakaandika vilevile kwenye madaftari, na hakuna aliyenisahihisha.

"Na akikataa kutembea?" nikamuuliza.

"Nitambeba."

Alilisema kwa wepesi, kama anayezungumzia begi. Nilitaka kubisha, lakini nikaona nikibisha nitaonekana mimi ndiye ninayemfungia mzee ndani. Nikasema sawa.

Jumamosi nikapika pilau kabla ya adhana ya alfajiri, nikamwogesha baba, nikamvisha kanzu ya kijivu na kofia yake. Mdogo wangu alikuwa amekodi gari aina ya Noah. Kutoka Boko mpaka Pugu ni safari ya kulikata jiji zima: Tegeta, Mwenge, Ubungo, Tabata, na foleni kila mahali. Watoto walichoka kuimba, wakalala. Wifi yangu akalala. Mie nilikuwa nimemshika baba mkono, maana akiona gari limesimama hutaka kufungua mlango ashuke.

Tulipokaribia uwanja wa ndege akageuza shingo kuangalia upande wa Kiwalani. Karakana yake ilikuwa huko, miaka mingi, akitengeneza milango na vitanda. Akasema, "Nishusheni hapa. Nina mlango wa watu haujaisha."

"Tutaurudia, baba," nikamwambia.

"Mwenyewe anamwoza binti yake. Anautaka kabla ya harusi."

Mdogo wangu akacheka pale mbele, akasema mzee bado ana kumbukumbu. Sikucheka. Maneno hayo ya mlango nayasikia karibu kila siku.

Aliyetupokea msituni alikuwa mwanamke wa makamo aliyevaa buti za mpira, kazi yake kuwatembeza wageni. Akamwinamia baba, "Shikamoo, mzee." Baba akaitikia marahaba vizuri kabisa, akamuuliza na habari za nyumbani kwake. Hivyo ndivyo alivyo. Mbele ya wageni hurudi kuwa yeye kwa dakika chache, halafu wageni wananiangalia mie kana kwamba nimewadanganya.

Njia ilikuwa ya nusu saa kwa mtu mwenye nguvu zake. Sie tulitumia saa moja na robo. Kulikuwa na mizizi iliyokatiza njia, na kila penye mzizi baba alisimama kwanza, akautazama, ndipo akainua mguu. Mdogo wangu alimshika bega la kulia, mie la kushoto, na begi la nguo mgongoni mwangu. Hakumbeba. Hakuna aliyelitaja tena neno hilo.

Mvule wenyewe uliwanyamazisha hata watoto. Shina lake lilikuwa pana kama chumba, na mizizi yake imeinuka juu ya ardhi kama kuta fupi. Ukitazama juu, huoni mwisho wake, unaona majani ya miti mingine tu. Yule mama akatueleza kwamba wazee wa vijiji vya jirani wanasema mti ulikuwapo tangu kabla ya Wajerumani, na kwamba wapasuaji mbao walikuja mara nyingi na kuuacha, wengine wakisema una wenyewe, mizimu.

Baba alikuwa hamsikilizi. Alisogea mpaka kwenye shina, akaweka kiganja, akalinusa gome. Kisha akagonga kwa vifundo vya vidole, akahama hatua moja, akagonga tena, sikio karibu na mti. Nilikuwa sijamwona akigonga mbao kwa muda mrefu sana.

"Huu hautoi mlango," akasema. "Ndani mtupu."

Yule mama akamgeukia. "Ni kweli, mzee. Una uwazi katikati. Huwa siwaambii wageni."

"Ndiyo maana wameuacha," akasema baba. Akageuka, akaniuliza mimi ni nani.

Tukatandika mkeka kati ya mizizi miwili, tukala pilau. Nilimlisha baba kwanza. Nilipomaliza nikakaa na sahani yangu, nikaegemeza mgongo kwenye mzizi, na hapo ndipo sikumbuki tena. Sikukusudia kulala. Wifi aliniambia baadaye kwamba nililala na kijiko mkononi, akakichukua, akanifunika khanga.

Nililala karibu saa mbili. Nilipoamka jua lilikuwa limehama, watoto walikuwa na yule mama wakikusanya majani, na baba hakuwapo mkekani. Niliinuka ghafla mpaka nikapata kizunguzungu.

"Yuko na baba watoto," wifi akasema kwa aibu. "Kaa tu, wifi. Walikwenda kule vichakani. Mzee alijichafua."

"Kwa nini hukuniamsha?"

"Baba watoto alinikataza."

Nikaona begi langu halipo. Nilitaka kuwafuata, lakini miguu haikutaka, na kusema kweli hata moyo haukutaka. Nikakaa.

Walitokea baada ya muda mrefu, wakitembea polepole, wameshikana mikono. Baba alikuwa na kanzu safi. Mdogo wangu alikuwa kifua wazi, shati lake limo kwenye mfuko wa plastiki pamoja na nguo nyingine, na macho yake mekundu. Akamketisha baba, akampa maji, ndipo akaja kukaa karibu yangu.

"Alikuwa ananisukuma," akasema kwa sauti ya chini. "Halafu akaanza kuniomba radhi. Samahani kijana, samahani sana, nimekusumbua. Hanijui, dada. Ananiomba radhi kama mpita njia."

"Hata mie huniomba."

"Kila siku?"

"Siku ambayo anaelewa kilichotokea."

Akachukua kijiti, akakivunja vipande vidogo vidogo. "Kwenye simu huwa unaniambia mzee hajambo."

"Nikuambie nini, na wewe uko Arusha?"

Nilikuwa na maneno ya miaka mitatu ya kumwambia, na siku nyingine huwa nayapanga nikifua. Siku ile nilichoka hata kuyasema.

Tulirudi na foleni ileile. Nyumbani nilipombadilisha baba nikakuta pampasi imefungwa nyuma mbele, gundi imebandikwa kwa nguvu mpaka imekwaruza ngozi. Nikampaka mafuta. Sikumwambia mtu.

Mdogo wangu aliongeza siku nne. Aliamka asubuhi akamwogesha baba mwenyewe, mie nikisimama mlangoni kumwelekeza, na siku ya tatu akaniambia niende zangu, anaweza. Likizo ya Desemba ilipofika akaja kumchukua baba, akakaa naye Arusha wiki tatu. Wiki ya pili wifi akanipigia akilia, anauliza nawezaje. Nikamwambia siwezi, nafanya tu.

Baba sasa yuko tena kwangu. Tumepatana kwamba kila likizo atakwenda kwao Arusha, na mpaka sasa hawajavunja ahadi. Jumapili mdogo wangu hupiga simu, lakini haulizi tena kama mzee hajambo. Anauliza amejichafua mara ngapi wiki hii, kama amenipiga, kama amekula, halafu anauliza kama nimelala. Namjibu kama ilivyo. Kuhusu usingizi, mara nyingi jibu ni kidogo tu.