Gumba la Mwonyesha Sinema

Mwonyesha sinema wa ukumbi ule wa Los Angeles haiamini filamu kabla hajaipapasa. Huvua glavu ya mkono wa kulia, akafumba macho, kisha akaupitisha ukingo wa utepe chini ya gumba lake polepole, mithili ya mcha Mungu na tasbihi yake, huku akiimbia puani. Asubuhi hiyo Rosalind, mpangaji wa tamasha la filamu za giza, zile za uhalifu na usaliti zisizoishia kwa furaha, alisimama kando yake, kalamu mkononi, tayari kuifuta orodhani filamu aliyoipenda tangu utotoni.

"Wajumbe wa kamati ya tamasha wamenishinda, mzee. Wanasema inaishia harusini, na filamu ya giza haina harusi."

"Hao wajumbe wako wamewahi kuishika, au huitazama tu wakitafuna bisi?"

Gumba likasimama. Likarudi nyuma, likapapasa tena.

"Shika hapa, binti. Kuna kiungo. Harusi yako ilibandikwa baadaye. Utepe wake mnene, wa aina nyingine kabisa. Mwisho wenyewe ni huu."

Akauinua kwenye taa. Rosalind akamwona mwanamume peke yake mvuani, mbele ya mlango uliofungwa. Miaka arobaini ameitazama filamu ile asiuone mshono. Akaifunika kalamu, filamu ikabaki orodhani. Mzee alikwisha fumba macho tena, na gumba lilikuwa safarini.