Kumfuata Kendi Hadi Angani

Niliondoka Kiirua asubuhi, ukungu ukiwa bado umelalia viazi, kwa sababu binti yangu Kendi alikuwa ameacha masomo ya urubani Nairobi na kujificha kwa shangazi yake Embu. Mama yake aliniambia jambo moja tu: "Baba Kendi, mrudishe nyumbani."

Kutoka Meru mjini barabara hushuka mabondeni na kupanda tena, kila daraja na mto wake wa baridi kutoka mlimani. Niliendesha pikapu nikipanga maneno ya kumfariji.

Embu nilimkuta uani akichambua maharagwe. Hakuinua macho.

"Baba, tulikuwa tunarudi kutua. Ndege nyingine ilikuwa pale kwa kioo, nukta tu, haisogei. Nilidhani ni uchafu. Mwalimu akaninyang'anya usukani, tukapinda. Ilipita karibu hadi nikaona shati la rubani."

"Basi twende nyumbani."

Akauweka ungo kando. "Nipeleke kwanza nimuage mwalimu."

Nairobi tulifika siku iliyofuata. Uwanja mdogo wa ndege alikosomea ulikuwa na pilikapilika za soko: ndege moja inatua, nyingine inasubiri kuruka, ya tatu inazunguka juu. Mwalimu wake, Kapteni Wanja, mama wa makamo, hakumkaripia.

"Inayosogea kiooni itapita," alimwambia. "Isiyosogea ndiyo inakujia. Hata mimi nilichelewa kuiona. Mnara wa kuongozea ndege hutupanga, redio hutuambia nani yuko wapi, lakini macho hayaendi likizo." Akanigeukia. "Mzee, Kendi akikubali kuruka, kiti cha nyuma ni chako."

Kendi aliitazama ndege kwa muda mrefu. Kisha akapanda.

Huko juu nilishikilia kiti kwa mikono miwili. Tulipogeuka kurudi uwanjani, Kendi alitangaza redioni mahali tulipo, na kichwa chake hakikutulia: kushoto, kulia, juu, kama kuku mwenye vifaranga aliyemsikia mwewe.

"Ndege, upande wa kulia," akasema ghafla. "Haisogei."

Mimi sikuona kitu. Kapteni Wanja aliacha mikono yake magotini. Kendi akaujulisha mnara, akapinda kulia, na ndipo nilipoiona ile ndege nyeupe ikikatiza mbele yetu, mbali, nasi tukapita nyuma yake kwa amani.

Tulipotua alilia, nikamshika bega. Kuaga hakuaga.

Nilirudi Kiirua peke yangu. Mama Kendi alikitazama kiti kitupu cha pikapu.

"Umemwacha?"

"Nimemwacha."

"Na ile hofu yake?"

"Bado anayo. Ndiyo inayomgeuza shingo." Nilikuwa nimetoka nyumbani nikidhani mtoto aliyeogopa ni wa kuondolewa hatarini. Njiani nilijifunza kwamba wengine hofu huwafungua macho, na kazi ya mzazi ni kukaa kiti cha nyuma.

Mama Kendi alifunga mlango wa pikapu. Kisha akauliza kama huko juu kuna baridi, na Kendi siku hizi anavaa sweta ya saizi gani.