Waya wa Upande wa Ukutani

Kazi yangu ni kusuka upya nyaya za mota za pampu zilizoungua, hapa Skuta, na wateja wangu wa Mwea wananijua kwa mambo mawili: mota yangu hairudi, na mdomo wangu haunyamazi. Mtu akiniletea pampu iliyoungua halafu anidanganye alivyoiunguza, nampa vidonge vyake hapo hapo. Kosa ninalolichukia kuliko yote ni la fundi anayebadilisha vitu viwili kwa mpigo, kisha anashangilia kwamba mashine imepona. Imeponywa na kipi?

Mume wangu ni mwalimu wa fizikia, kichwa kigumu. Kwa miaka mitatu aliunda ndege ya mtu mmoja uani kwetu: mabomba ya alumini, turubai, mota nyuma ya kiti, na betri kuukuu za pikipiki za umeme chini ya kiti hicho hicho. Sikuipenda hata siku moja. Lakini fundi wa umeme nyumbani ni mimi, kwa hiyo kupima kukawa kwangu.

Nilitumia mita ya kubana, ile yenye taya kama koleo. Unaufumbata waya bila kuukata, nayo inakuonyesha umeme unaopita humo. Betri zile zingeweza kuvumilia ampea mia moja na hamsini, si zaidi. Zikizidishiwa kwa dakika chache zingevimba na kuwaka, na mwenye kuwaka wa kwanza angekuwa mume wangu. Tuliifunga ndege kwenye nguzo, akafungulia umeme wote, mita ikaruka hadi mia mbili na hamsini. Nilipougusa waya mwekundu unaotoka kwenye betri kwenda kwenye mota, ulikuwa moto.

“Punguza propela,” nikamwambia. “Na huu waya ni mwembamba, ongeza mwingine.”

Jumamosi nilikwenda kwenye mazishi Karatina. Niliporudi alikuwa ameshakata ncha za propela, anatabasamu peke yake. Nikabana waya mwekundu, tukafungulia umeme. Mia moja kumi na nane! Tukakumbatiana hapo uani kama watu walioposana jana. Nilimwambia sasa anaweza kupanda.

Wiki iliyofuata tuliipakia kwenye lori tukateremka nayo Mwea, kwa kuwa huku kwetu ni vilima tu. Njiani alikuwa akitazama nje tu. Nilidhani anafanya hesabu zake. Mteja wangu mmoja alikuwa ametutafutia barabara ya udongo wa murramu iliyonyooka kando ya mfereji, na mpunga ulikuwa umeshavunwa. Watu wakajaa, na baiskeli zao na bodaboda zao.

“Ati inaruka na betri?” mzee mmoja akauliza. “Na ikiisha huko juu?”

Mchungaji mmoja wa hapo akaomba. Mume wangu akakaa, akafunga mkanda, akavaa kofia, propela ikaanza kuzunguka polepole nyuma yake. Nikaona jiwe mbele ya gurudumu la kulia, nikainama kuliondoa. Uani upande huo ulikuwa umebanana na ukuta, sikuwa nimefika hapo tangu mabawa yafungwe. Nilipoinua macho niliona waya mwekundu mwingine umepita chini ya bomba, kutoka kwenye betri hadi kwenye mota.

Waya wa pili. Nilimwagiza mwenyewe auongeze, akauongeza nikiwa mazishini, na mimi nikabana mmoja nikadhani nimeubana umeme wote. Nilikuwa nimepima nusu.

Nilipiga kelele. Akaniona mdomo ukienda, akaniinulia kidole gumba akidhani namuaga, na ndege ikaanza kusogea. Sikuwaza. Nilikimbia nikaipita pua, nikasimama katikati ya barabara, mikono juu, naitukana ndege na mwenye ndege. Alikata umeme. Gurudumu la mbele lilisimama karibu na viatu vyangu.

“Mama watoto, ni nini sasa?” akafoka. “Unaniaibisha mbele ya watu wote hawa?”

“Shuka!”

“Si ulisema iko sawa?”

Niliwaomba vijana wa boda washike mkia kwa nguvu, nikaweka mawe kwenye magurudumu, nikamwambia afungulie umeme, ahesabu tano tu. Nikabana waya wa kushoto, ule niliokuwa nimeupima uani: mia moja kumi na nane. Nikazunguka, akafungulia tena, nikabana wa kulia: mia moja kumi na nane. Nilimwonyesha mita. Hakuhitaji karatasi kujumlisha: mia mbili thelathini na sita.

Watu walikuwa wameanza kucheka, yule mzee akisema bibi wa mwalimu ameogopa. Nikageuka nikasema kwa sauti, wasikie wote, wakiwemo wateja niliowahi kuwafokea, “Sikuogopa. Nilikosea kupima. Kosa ni langu.” Katika ndoa yetu yote sikumbuki kama niliwahi kulitamka neno hilo.

Mume wangu alivua kofia. Nywele zilikuwa zimelowa jasho, akahangaika na mkanda hata nikamfungulia mimi.

“Nimekuwa nikiogopa tangu tulipopita Sagana,” akaniambia polepole, watu wasisikie. “Nilitaka niseme turudi. Halafu nikajiambia, kama ni yeye amepima, wacha niende.”

Nilikaa chini hapo kwenye murramu nikalia, na sikujali nani ananitazama.