Luhende Hakutaka Kupiga Goti

Vijana mtakaosoma haya, kaeni chini kwanza. Mimi si mtu wa kubembeleza, na shule niliiacha ningali nahangaika na herufi, kwa hiyo nitasema kama ninavyosema jikoni kwangu. Nataka kuwaambia habari za mume wangu Luhende, bondia wa uzito wa juu. Mwanza nzima ilimshangilia. Walichomfanyia kwa kumshangilia nilikiona mimi niliyebaki naye.

Naikumbuka siku ngumi zilipoingia nyumbani kwetu. Ulikuwa wakati wa Mwingereza, vita vya Hitla vimekwisha, vijana wa Keya, lile jeshi la Mwingereza, wanarudi makwao na makoti yao ya jeshi. Luhende alikuwa mchukuzi bandarini. Tulikuwa na watoto tayari, wale pacha Kulwa na Doto wanakimbia uani, na ndevu zake zimeanza mvi. Siku hiyo robota la pamba liliteleza kwenye ubao wa meli, wenzake wakaruka pembeni. Yeye hakuruka. Aliliwekea bega, likasimama.

Aliyeona ni Sajini Odera, Mjaluo mmoja aliyetoka vitani, aliyekuwa akiwafundisha vijana wa bandarini masumbwi nyuma ya ghala la Mhindi.

"Wewe mzee," alimwita, "njoo uvae glavu."

"Mimi? Huoni ndevu hizi?"

"Ndevu zako sizipigi mimi. Watazipiga wengine."

Wachukuzi wakacheka, Luhende akacheka zaidi, akavaa. Ndivyo alivyoanza, mwanangu, katika umri ambao wenzake walikuwa wakiacha.

Alishinda. Sitawadanganya. Mkono wake wa kulia ukikufikia, unakaa chini bila kukaribishwa. Alipanda meli akapigana Bukoba, akapigana Musoma, akarudi watu wamejaa gatini wanamngoja. Lakini Sajini hakuwa na raha. Alikuja kwangu akaniambia, "Mama Kulwa, mumeo ana nguvu ya watu watatu, ila hajui kukwepa. Aliyeanza utotoni, kichwa chake chenyewe kinajua kukimbia ngumi. Huyu amezoea mizigo. Ikija, anasimama aipokee."

Nilimjibu kwamba mwanaume asimame, akimbie nini? Nilikuwa mke kijana mwenye mume maarufu. Sokoni Kirumba nilikuwa nachaguliwa samaki wakubwa.

Sasa sikilizeni sheria moja ya mchezo ule. Ukizidiwa, unaweza kupiga goti moja chini. Mwamuzi anaanza kuhesabu, mwenzako haruhusiwi kukugusa, unapata pumzi, kabla hesabu haijaisha unainuka, mnaendelea. Si kushindwa. Ni kupumzika. Lakini kwetu Usukumani anayepiga goti ni mwanamke, anapowaamkia wakubwa. Mwanaume kupiga goti mbele ya umati, mbele ya mwanaume mwenzake, ilikuwa kichekesho.

Na aliyekianzisha kichekesho hicho ni Luhende mwenyewe. Kijana mmoja mwembamba alipigwa, akapiga goti apumue. Luhende, akiwa pembeni na wachukuzi wenzake, akapaza sauti, "Marahabaaa, binti yangu! Hujambo?" Watu walicheka mpaka wengine wakashikilia ukuta. Kijana yule aliinuka, akapigana, akashinda. Hakuna aliyekumbuka kwamba alishinda. Mpaka anahama mji aliitwa Binti. Tangu hapo kila aliyegusa goti chini aliitikiwa "Marahaba" na uwanja mzima, na mimi nikiwemo, sauti yangu haikuwa ndogo.

Basi akaja mtu wa Kisumu, mchochea moto wa tanuri kwenye meli, mrefu, mikono kama makasia. Mama mkwe wangu alikuwa ametoka kwao Usagara, hapo nje ya Mwanza, kutuona, akasema naye anataka kuona hiyo kazi ya mwanawe. Tukamweka mbele, juu ya sanduku.

Mwanzoni Luhende alikwenda vizuri. Kisha mtu wa Kisumu akapata njia. Alimpiga kichwani, akampiga tena palepale. Nilimwona mume wangu anatazama pasipo na mtu. Miguu yake ilikuwa inatafuta ardhi.

Sajini alipiga kelele, "Goti, Luhende! Piga goti upumzike!"

Uwanja ukanyamaza. Mnajua ukimya wa watu wanaongoja kucheka? Ndio huo. Niliwaona wachukuzi wamekwisha kufungua midomo, "Marahaba" iko tayari. Na Luhende naye aliwaona. Aligeuza uso akawatazama wao, si adui yake. Goti lilianza kukunjika. Kisha akalinyoosha, akabaki amesimama, akapigwa.

Alipigwa mpaka yule mtu wa Kisumu akachoka kupiga. Mikono yake ikashuka, na Luhende, sijui kwa akili gani, akatupa ule mkono wa kulia. Mwenzake akaanguka. Wakambeba mume wangu mabegani. Nilipiga vigelegele hadi koo likauma.

Mama mkwe hakuinuka kwenye sanduku. Alingoja mpaka wamemshusha mwanawe mbele yake, damu inatoka sikioni, akamwuliza, "Uliambiwa upige goti. Kwa nini hukupiga?"

"Wangenicheka, Mama."

"Mimi nimepiga goti maisha yangu yote. Nimepiga kwa baba yako, kwa wakwe, kwenye jiwe la kusagia mtama uliokukuza wewe. Nimepungukiwa nini? Niko hapa, na kichwa changu ni kizima."

Luhende akatabasamu kwa midomo iliyovimba. Mama mkwe akanigeukia mimi. "Na wewe unayepiga vigelegele, hawa wachekaji wako watakuja kumlisha uji?"

Nikainama kwa heshima, moyoni nikasema huyu ni mama wa shamba, hajui mambo ya mjini. Luhende akaendelea kupigana, na kila mara alisimama vilevile.

Maradhi yalikuja polepole, tena kwa hila. Siku moja alimshika mtoto akauliza, "Wewe ni Kulwa au Doto?" Tulicheka, maana pacha wote huulizwa hivyo. Nilisahau kwamba yeye alikuwa akiwatambua kwa mlio wa nyayo tu, akiwa chumbani. Kisha akaanza kupotea bandarini, mahali alipofanya kazi miaka yote. Kijiko kikawa kinatetemeka mkononi. Wachukuzi walikuja mara mbili tatu kumwamkia, wakaona yeye hawatambui tena, wakaacha kuja. Sajini peke yake ndiye aliyekuja akakaa naye, hata bila maneno. Uji nilimlisha mimi, mpaka siku alipofariki.

Nasikitika, mwanangu, na sioni haya kusema. Hakuuawa na mtu wa Kisumu. Mtu wa Kisumu alikuwa kazini kwake. Luhende alikuwa na njia ya kujiponya, sheria imempa, mwalimu wake anamwonyesha kwa sauti, na akaiacha kwa kuogopa kicheko ambacho kingeisha kabla watu hawajafika majumbani kwao.

Nasaha yangu ni hii. Ukizidiwa, kaa chini. Iwe kazi, iwe ugonjwa, iwe ndoa, iwe shule uliyoanza umechelewa: omba kupumzika mbele ya watu, wacheke, kisha uinuke. Na wewe unayetazama, funga mdomo. Hujui mwenzako amebakiza nini. Kuanza ukubwani si kosa. Kosa ni kuona haya kufundishwa kama mtoto.

Mungu awape akili zenu mzeeke nazo. Awape watu wa kuwaambia ketini, na masikio ya kuwasikia.

Na iko amri moja niliyoitoa nyumbani kwangu, yeye angali hai, wakati wa chakula, Luhende alipomwuliza Doto kwa mara nyingine yeye ni mtoto wa nani, na watoto wakaanza kuchekeana. Niliweka mwiko chini, nikawaambia wote, wakubwa kwa wadogo, na wageni waliokuwepo:

"Baba akikuuliza wewe ni nani, mtazame usoni, umwambie jina lako. Akiuliza tena, mwambie tena, kama vile hajauliza. Na katika nyumba hii asicheke mtu."