Siku Nilipoukata Ubao

Mpaka leo nikiwaambia watu kwamba nilijifunza kupanda mawimbi nikiwa nakaa Kariakoo, wananicheka. Kariakoo na mawimbi wapi na wapi! Lakini ni kweli tupu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimetoka Lindi kuja kukaa na bibi yangu, mama yake baba, na kila Jumapili nilitoka na ubao begani, nikakatisha Mnazi Mmoja, nikapita Upanga watu wakinichungulia madirishani, nikavuka daraja la Salenda mpaka pwani ya Oysterbay. Nadhani waliniona fundi naenda kazini.

Ubao wenyewe niliukuta darini, juu ya ukumbi wa nyuma, umezungushiwa mkeka mkuukuu. Ulikuwa mrefu kunipita, mwembamba, mwepesi, umepigwa randa mpaka unateleza. Nikajua ni ubao wa rafu uliobaki tu. Sikumuuliza mtu. Bibi alikuwa anatoka alfajiri na vitumbua vyake kwenda sokoni, na kabla hajarudi mimi nimeshafuta mchanga, nimeuzungushia ubao mkeka wake, nimeurudisha. Karibu mwaka mzima!

Ule mrefu ulikuwa mpole. Unalala juu yake, wimbi linakuja, linakubeba, unasimama taratibu na unakwenda moja kwa moja mpaka mchangani. Kukata kona ndiyo ilikuwa hapana. Sitaki uongo, niliupenda, mpaka siku nilipomwona kijana mmoja wa Kizungu, ambaye baba yake alikuwa mtaalamu wa mradi fulani. Ana kibao kifupi, hakimfiki hata kidevuni. Mtume! Mimi naenda mbele tu kama gari moshi, mwenzangu anapanda ubavu wa wimbi, anageuka, anashuka, anageuka tena. Nilisimama majini mdomo wazi mpaka nikanywa chumvi.

Jumamosi iliyofuata nikaazima msumeno kwa fundi seremala wa mtaani kwetu, nikaukata ubao. Futi mbili nzima zikaanguka chini. Ncha nikaizungusha kwa tupa, juu nikapaka mshumaa nisiteleze. Kile kipande kilichobaki nikakipasua kuni, na bibi akachemshia maharage. Mwenyewe akausifu moto.

Jumapili yake kifupi kilinitesa, jamani. Nilizoea kusimama kama niko barazani, kumbe hiki ukipumua vibaya kinazama. Mara pua inachoma maji, mara kinanirukia kidevuni. Nikakitukana matusi yote ya Lindi na ya Dar. Halafu, saa sita hivi, wimbi moja likanichukua kwa ubavu, nikaegemea kidogo tu, kikageuka! Kikageuka na mimi nikiwa juu yake! Nilipiga kelele peke yangu kama mwehu. Niliporudi nyumbani siku hiyo nilijiona hakuna kijana Kariakoo anayenifikia.

Ikaingia Shaaban, ya kwanza mimi kuwapo kwa bibi. Akaniita uani. "Mume wangu," akasema, maana ndivyo alivyoniita kwa utani, kama bibi zetu wote, "niteremshie ubao wangu darini. Nataka kuanika vitu vyangu kabla ya mfungo."

"Ubao gani, Bibi?"

Alikuwa anafungua sanduku lake la uvunguni. Akatoa shuka nyeupe iliyokunjwa, karafuu maiti ndani ya karatasi, udi, chupa ya marashi. Akavipanga juani kimoja kimoja, bila haraka, kama mtu anayefungasha safari. Ndipo nikaelewa. Shuka ile ilikuwa sanda. Na ubao ulikuwa kiunza, ubao wa kumfunika maiti ndani ya kaburi ili udongo usimwangukie. Lahaula! Mwaka mzima nilikuwa nacheza baharini juu ya kaburi la bibi yangu, na kipande chake tumekila na maharage!

Nikauleta. Ningefanya nini? Nikauweka miguuni pake na ncha yake ya duara na mafuta yake ya mshumaa. Nilitaka anipige. Hakunipiga. Alitandika mkeka, akajinyoosha chali, akaniashiria niuweke ubao pembeni yake. Nikauweka. Alikuwa mwanamke mrefu. Ubao ulimwishia magotini.

"Na hii miguu," akauliza, "utaifunika na nini?"

Nililia mbele yake, mwanamume mzima. Nikaapa nitamtafutia mwingine. Akaamka, akajikung'uta kanga, akasema, "Basi sifi mpaka uupate." Akacheka. Mimi sikucheka.

Miaka ile mbao zilikuwa hazipatikani. Nilimaliza Kariakoo yote, kila mahali naambiwa lete kibali, lete kibali. Fundi aliyeniazima msumeno alipojua niliufanyia nini, alishika kichwa, akanifukuza, kisha akaniita tena. Ilichukua miezi mitano. Siku moja akanionyesha ubao safi, mrefu, ameshaupiga randa. "Mpelekee bibi yako," akasema.

Nikaushika. Nikaurudisha ukutani. "Nihifadhie hapahapa," nikamwambia. Maneno ya bibi yalikuwa yananizunguka kichwani, kwamba hafi mpaka niupate. Basi sijaupata! Na kila akiniuliza, nilimkazia macho nikasema, "Bado, Bibi. Mbao zimeadimika." Nikasema hivyo hadi Shaaban nyingine ikaja ikapita. Vitumbua akaviacha, kikohozi kikamkamata, akawa haamki bila kushikwa, na mimi bado nasema zimeadimika.

Ijumaa moja, baada ya swala, nilikuwa namnywesha uji. Akausukuma mkono wangu.

"Nenda kwa fundi kauchukue."

Nikajifanya sielewi. Nikaanza tena habari ya vibali.

"Alinionyesha wiki ileile alipoupata," akasema. "Nililala chini palepale karakanani kwake nikajipima. Unanitosha mpaka nyayoni. Nilikuacha tu, niliona hujawa tayari." Akafumba macho. "Sasa kauchukue, mume wangu. Nimechoka."