Fundi Aliyetuachia Nafasi ya Wembe

Fundi wa pikipiki wa nyuma ya soko la Voi alifariki Alhamisi mchana, kando ya barabara ya Kishushe, akisubiri injini ipoe. Wengi wenu mlipita kibanda chake kila siku bila kumjua jina, nami sitaliandika hapa. Habari zilinifikia kwa simu ya mdogo wangu wa mwisho, ambaye ndiye aliyekuwa amembeba. Hakusema kwamba fundi amekufa. Alisema tu, "Dada, njoo," kisha nikawa nasikia upepo na mbuzi. Tangu nianze kuandika safu hii sijawahi kuiahirisha hata juma moja. Hii ya leo nimeiahirisha mara mbili.

Nilimjua fundi mwaka nilioacha shule. Baba alikuwa ameshatangulia, mama akamfuata nikiwa kidato cha pili, na mimi ndiye mkubwa wa watoto wanne. Kitu pekee walichotuachia cha kuleta unga nyumbani kilikuwa pikipiki ya baba, kwa hiyo nikaipanda mwenyewe. Nilibeba abiria, magunia ya mboga, mitungi ya maji. Injini ilinitesa. Kila baada ya siku chache ilianza kugonga juu kwenye kichwa chake, tik-tik-tik, na kila fundi niliyempelekea alikaza tapeti, zile skrubu ndogo zinazosukuma valvu, vilango vya injini, mpaka kelele ikaisha. Nilirudi barabarani nikiwa na furaha. Wanabodaboda wote wa mji huu tuliamini jambo moja: injini isiyosikika ndiyo nzima. Abiria nao waliamini hivyo hivyo. Mtu alikuwa tayari kuiruka pikipiki inayogonga na kupanda ile inayonong'ona.

Siku ilipokataa kabisa kuwaka, niliisukuma hadi kwa fundi huyu. Alikifungua kichwa cha injini, akanipa valvu mkononi. Ukingo wake ulikuwa umeliwa kama biskuti. "Dada mkubwa," aliniambia, na jina hilo alinibandika tangu siku hiyo, "hii valvu imeungua. Chuma kikipata moto kinarefuka. Wao wamekikaza mpaka hakina pa kurefukia, kwa hiyo mlango haufungi tena. Moto unapita hapo mchana kutwa." Nikamuuliza mbona basi mafundi wote wanakaza. Akacheka. "Kwa sababu wewe ukisikia kimya unawaambia asante."

Hakutaka kunirudishia vyuma vya aina ile ile. Aliagiza Mombasa kamshafti ngumu zaidi, ule mhimili unaoziendesha valvu, valvu bora, na roka, vile vikono vya kuzisukuma, zenye magurudumu madogo yanayobingirika badala ya kusuguana. Vilichelewa kufika, na siku zile tulikula ugali na sukuma iliyonyauka ambayo wauza mboga sokoni waliniachia. Vilipofika, alivifunga kwa saa nyingi, kisha akachukua wembe wa kunyolea na kuupitisha kati ya skrubu na valvu. Hicho ndicho kilikuwa kipimo chake. "Wembe upite, ukwaruze kidogo," alisema. "Usikwame, usielee." Kuanzia hapo nilikaa miezi mingi bila kuifungua injini ile. Wadogo zangu walisoma wote watatu. Sisemi ni fundi aliyewasomesha, lakini nakumbuka asubuhi ngapi pikipiki iliwaka ilhali zamani isingewaka.

Ila iligonga. Kidogo, kwa mpangilio, kama mtu anayeshona. Nilipofika stejini, pale tunapongojea abiria, wenzangu walinipokea kwa makelele. "Dada, hiyo ni nduthi ama ni cherehani?" Mmoja alimfuata fundi mpaka kibandani: "Fundi, nishonee suruali basi!" Fundi alikuwa ameinama kwenye injini na hakuinua kichwa. "Lete," alijibu. "Lakini nitaanza na huo mdomo."

Walicheka, na hakuna aliyebadilisha vyuma vyake. Hilo limenisumbua kwa miaka. Fundi anayekurudisha barabarani kila wiki unamwona, unamshukuru, unamwita rafiki. Aliyefanya usiharibikiwe humwoni, kwa sababu hakuna kilichotokea. Kibanda cha fundi huyu kilikuwa kitupu kuliko vyote, si kwa sababu kazi yake ilikuwa mbaya, bali kwa sababu aliowahudumia hawakuwa na haja ya kurudi. Nimewaona watu wa aina yake kwingine: mwalimu anayemgundua mtoto kabla hajapotea, muuguzi anayesisitiza upimwe ukiwa bado unatembea. Tunawaona wasumbufu. Tunampenda anayetunyamazishia maumivu, halafu tunashangaa yanaporudi.

Nilipoanza kupata riziki kwa kalamu nilimpa mdogo wangu wa mwisho pikipiki ile, na maneno ya fundi nikampa pia. Nilidhani nimempa. Yeye ni kijana, abiria wake ni vijana, na miezi miwili iliyopita alichoka kuchekwa. Alipita kwa fundi mwingine akamwambia, "Ikaze, inanitia aibu." Ikakazwa. Ikanyamaza. Mimi mwenyewe ilinipita siku moja karibu na stesheni nikafikiri, kumbe imetulia. Naandika hayo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu masikio yangu yangepaswa kujua.

Alhamisi ile fundi aliitwa Kishushe kutengeneza pikipiki ya mchungaji wa ng'ombe wa ranchi. Stejini palikuwa na pikipiki nyingi. Akachagua ya mdogo wangu. "Twende na hii ya dada yako," alimwambia. "Huko magari ni nadra, na hii najua nilichoweka ndani." Walifika salama. Kazi ilipoisha, kifua kilimbana fundi, jasho likamtoka, mkono wa kushoto ukafa ganzi. Mdogo wangu akamfunga kwa leso kwenye kiuno chake mwenyewe ili asianguke, wakaanza kupanda kuelekea Wundanyi, kuliko na hospitali. Katikati ya mpando, jua likiwa utosini, injini iliishiwa nguvu, ikakohoa, ikafa. Hapakuwa na gari. Simu haikushika mtandao mpaka alipokimbia juu ya kilima, na gari lililoitwa lilikuwa mbali.

Fundi alikaa chini ya mti mdogo, akaomba pikipiki ipigwe kiki. Akasikiliza. Kiki ilishuka laini bila kuzuiwa, ishara kwamba valvu haifungi, na hapo akajua. "Nani aliikaza?" aliuliza. Mdogo wangu akajibu, "Sijui, fundi." Fundi hakubishana naye. Alisema, "Iache ipoe. Ikipoa valvu itafunga, itawaka." Wakasubiri. Injini ilipoa, na ikawaka kweli kama alivyosema, kwa kiki ya pili. Mdogo wangu aligeuka kumwinua, akakuta hakuna tena wa kuinuliwa.

Tulimzika Jumamosi kwao milimani. Wanabodaboda walisindikiza jeneza kwa honi, na katika mpando wa kwenda kaburini pikipiki tatu zilizimika kwa joto. Nilisimama karibu na mmoja wao akimwambia mwenzake aliyeshika spana, "Kaza kidogo, hii inapiga kelele." Walikuwa wamevaa fulana zenye picha ya fundi.

Mdogo wangu aliniomba nisiandike haya. Nilimjibu kwamba kwanza atayasema yeye, kwa mdomo wake, kwa mjane wa fundi. Sikumlea peke yangu ili abaki na "sijui" ile. Tulienda pamoja Jumatatu. Alisema yote, nani aliikaza na nani alidanganya. Mama yule alimsikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani, kisha akamuuliza, "Sasa, mwanangu, mimi nitafanya nini na hayo?" Daktari niliyemuuliza hawezi kuniambia kama kuumaliza mpando ule kungetosha kumwokoa.

Kama kuna la kujifunza, ni dogo na limechelewa: kitu kinachogonga kidogo kinakuambia bado kina nafasi, na kabla hujamlipa mtu akinyamazishe, uliza kinasema nini. Mdogo wangu hataki tena kuigusa pikipiki. Nimeichukua mimi. Jana asubuhi nilinunua wembe, nikalegeza tapeti mpaka ukapita ukikwaruza, nikaipanda kupita mbele ya kibanda kilichofungwa. Stejini mtu alinipigia kelele, "Dada, nduthi yako inagonga!"

"Najua," nikamwambia, nikaendelea.